Pikapu Iliyopiga Mateke

Baba yangu alikuwa na pikapu iliyopiga mateke. Ukiitia gia pale uani kwetu Kola, ilitulia kwanza kidogo, kana kwamba inafikiria kama wewe ni mtu wa kuheshimiwa, halafu ikakupiga teke la mgongo, paa, kichwa chako kikaenda kugonga kioo cha nyuma. Barabarani iling'ang'ania gia ya kwanza, injini ikilia mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba, ndipo ikarukia ya pili kwa kishindo cha mtu aliyeangusha gunia la simiti. Ya tatu nayo hivyo hivyo. Kutoka kwetu hadi Machakos mjini si safari ya kuaga watu, lakini abiria wa baba walishuka wameshika viuno, wakimshukuru Mungu kwa sauti ili baba asikie.

Sharti nieleze kwanza mzee wa Kola alipataje pikapu ya gia otomatiki. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na kitu hicho kwetu kilikuwa nadra kama mvua ya Agosti. Mwanamume aliyejiheshimu aliendesha gari la klachi. Otomatiki yalikuwa magari ya wazungu na ya mabibi wa Nairobi waliojipaka rangi kucha za miguu. Baba mwenyewe, aliyeendesha lori la serikali la kubeba changarawe tangu kabla sijazaliwa, alipenda kusema kwamba dereva asiye na klachi ni abiria aliyekosea upande wa kuketi. Alilisema hilo mara nyingi, mbele ya watu wengi, na watu wa kwetu wana kumbukumbu nzuri ya mambo yasiyowahusu.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamla mguu wa kushoto. Ulianza na kidole kimoja, tukaambiwa ni kidonda tu. Ukapanda. Mwishowe madaktari wakaukata juu kidogo ya goti, na baba akarudi nyumbani na magongo mawili na kimya kirefu. Alikaa kwenye kiti chake barazani tangu asubuhi mpaka kuku walipoingia kulala, akiangalia barabara na kutuambia ni lori la nani linapita, limebeba nini, na dereva wake anakosea wapi.

Aliyemwokoa alikuwa mzungu wa mradi wa visima, aliyekuwa akirudi kwao na kutaka kuuza pikapu yake kuukuu. Hakuna Mkamba mwenye akili timamu aliyeitaka. Baba aliitaka. Mguu wa kulia alikuwa nao, na otomatiki haiombi zaidi ya huo. Jioni ile alipoiingiza uani mwenyewe, magongo yamelala kiti cha pembeni, alipiga honi ndefu iliyowatoa watu majumbani wakidhani kuna msiba. Tangu siku hiyo alibeba mbuzi za majirani kuwapeleka kwa Msomali mmoja mjini, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akimwamini kuliko alivyowaamini wenye mbuzi. Alibeba wagonjwa, mabati, mbolea, na mabibi harusi waliokunja magauni yao vizuri. Waliokuwa wakimwita mzee wa mguu mmoja wakaanza kumwita mzee wa pikapu. Nilimwona akinenepa kwa furaha, na sukari ile ile mwilini.

Mateke yalianza baada ya mvua ndefu, bila taarifa. Na kwetu gari likiugua, kijiji kizima kinasomea udaktari. Jirani wa chini alisema mkojo wa mbuzi umepenya kwenye giaboksi. Jirani wa juu alisema mzungu aliiuza huku akitokwa na machozi, na kitu kilichouzwa kwa machozi hakitulii. Mzee wa kanisa alipendekeza maombi, kisha akapanda kwenda kliniki, na aliposhuka akapendekeza maombi hayo yawe yake yeye. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa kuja, aliniuliza kwa upole mwingi kwa nini sisi Wakamba, tuliojaliwa waganga hodari, tusimwite mmoja wao. Nilimjibu kwamba waganga wetu wanashughulikia watu. Kwa vitu vilivyotoka ng'ambo hawana spea.

Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya msingi mjini, nimepanga chumba huko, narudi Kola kila wikendi kufua nguo na kugombana. Basi ndimi niliyewaleta mafundi, maana niliishi karibu nao na nina mdomo wa kuwaamsha.

Fundi wa kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi gari likiwa limezimwa na limepoa, akakitazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu, akatangaza kwamba oili ni kidogo. Baba akamwambia kwa adabu kwamba mzungu alimwelekeza kuipima injini ikiwa inanguruma na imepata moto.

"Mzee, wewe ni dereva," fundi akasema. "Mimi niko na kazi yangu."

Akaongeza oili mpaka ikatapika. Pikapu ikaendelea kupiga mateke, na sasa ikawa inatoa moshi pia.

Fundi wa pili alisema raba zinazoshikilia giaboksi zimekufa. Alizitoa, akakata vipande vya tairi la lori, akavifunga mahali pake kwa nguvu zake zote. Baada ya hapo teke lilikuwa lile lile, ila tulilisikia vizuri zaidi, kwa sababu sasa lilikuja moja kwa moja bila kupita popote.

Fundi wa tatu alikuwa mkweli kuliko wenzake. Alivaa dasti-koti, lile koti refu la kazi, safi kabisa, ishara mbaya kwa fundi. Alifungua boneti, akachungulia, akafunga boneti.

"Toa hii takataka," akasema. "Weka ya mkono."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kuu ya umakanika wa Machakos miaka ile: kitu usichokijua, kitoe. Sijui otomatiki ngapi nzima zilikufa mikononi mwa sheria hiyo. Lakini kaka yangu mkubwa alipoisikia, alifurahi kama aliyepata ufunuo. Alikuwa anafanya kazi Athi River, na kama vifungua mimba wengi wenye mshahara, alikuja nyumbani Jumamosi akiwa na gazeti, mkate na ushauri. Jumamosi ile alikuja na habari kwamba upande wa Kinanie ameona pikapu kama yetu iliyoanguka, na giaboksi yake ya klachi haina hata mkwaruzo.

"Wikendi ijayo naileta na fundi," akasema. "Tunamaliza hii maneno."

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Aliuliza polepole, "Wakishaweka klachi, mimi nitaikanyaga na nini?"

Kaka aliangalia gazeti. "Baba, tutakutafutia dereva."

Sijawahi kusikia neno dogo likimpiga mtu hivyo. Mtu aliyekuwa dereva maisha yake yote atafutiwe dereva, kama vile mtoto anavyotafutiwa yaya. Nilimgeukia mama, nikitegemea angalau yeye aseme kitu. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni, ungo mkononi.

"Ni vizuri," akasema, na akarudi ndani.

Nilichemka. Kaka alipoondoka tu, nilivaa suruali ya zamani ya baba na kutandika gunia chini ya pikapu. Nilimwambia baba kwamba kama mafundi watatu wameweza kuiharibu bila kuijua, hata mimi nina haki hiyo. Baba akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, akasogeza kigoda chake karibu na gurudumu la mbele. Kuinama chini ya gari hakuweza. Kuegemea juu ya injini pia hakuweza, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi ya kushika magongo. Kazi yake ikawa kuuliza, na yangu kuchafuka.

"Wasikudanganye na spana," akasema. "Uliza kwanza inaumwa lini."

"Inaumwa kila wakati, Baba."

"Ikiwa baridi?"

"Ikiwa baridi, ikiwa moto, ikiwa na mbuzi, ikiwa tupu."

"Na injini?"

Tuliiwasha. Injini ilinguruma taratibu, bila kukohoa, bila kutetemeka. Oili tulikuwa tumekwisha kupunguza ile aliyoongeza bingwa wa kwanza. Nilichomoa kile kijiti, safari hii injini ikinguruma, nikakipangusa kwenye karatasi nyeupe na kumpelekea. Ilikuwa nyekundu, safi. Aliinusa. Haikuwa na harufu ya kuungua.

"Basi haijafa," baba akasema. "Giaboksi ikifa, oili inanuka kama sufuria iliyosahaulika motoni. Hii inapiga kama imeambiwa nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, hata nikikanyaga kidogo. Sasa nani anaiambia uongo?"

Nilibaki chini ya gari nikitafakari swali hilo, ambalo mtu akiwa amelala chali huku vumbi la oili likimdondokea machoni linakuwa swali zito. Ndipo nikaona, ubavuni mwa giaboksi, kitu cha duara kama kopo la rangi ya viatu, na kibomba chembamba cha chuma kinachotoka hapo kupanda juu. Kila bomba lina linakotoka. Nilikifuata kwa kidole. Nilitoka chini ya gari, nikafungua boneti, nikaendelea kukifuata mpaka kikaishia kwenye mpira mfupi mweusi, na mpira huo ulikuwa umesukumiwa nyuma ya kichujio cha hewa, mdomo wake wazi, haujashikana na chochote. Shubiri moja tu kutoka hapo, kwenye mwili wa injini, palikuwa na chuchu ya chuma ambayo mpira huo ulipaswa kuvalishwa. Hapo pameketi gunzi la hindi.

Nieleze kuhusu gunzi. Kwetu, mahindi yakishapukuchuliwa, gunzi halitupwi. Kitu chochote kikipoteza kifuniko kinapewa gunzi: mtungi, chupa ya mafuta taa, kibuyu, dumu la maji. Tangi la petroli la pikapu hii hii lilizibwa kwa gunzi lililofungwa kwa nailoni tangu mwezi wa kwanza, na polisi wa barabarani walilitazama bila kusema neno, maana hata mama zao walizibia hivyo. Kwa hiyo mafundi wote watatu walikuwa wameliona gunzi lile kwenye injini. Nina hakika waliliona. Yule wa pili, nakumbuka, alilisukuma kwa kidole gumba kuhakikisha limekaa imara, akaridhika. Mzungu angelikuta gunzi kwenye injini angepiga kelele. Sisi tuliliheshimu kama matengenezo.

Sasa niliona kila kitu. Bila mpira ule, giaboksi haikuwa na njia ya kujua injini inafanya nini, ikadhani siku zote inapanda mlima na mzigo. Ndiyo maana ya mateke. Na injini nayo, kwa kuwa tundu lake lilizibwa vizuri, haikuwa na sababu ya kulalamika. Kilichobaki ni kujua ni nani. Nilisogeza uso karibu. Gunzi lilikuwa limechongwa kwa kisu, likazungushiwa karatasi ya pakiti ya maziwa, likakazwa kwa uzi wa katani uliosokotwa pajani na kupakwa rangi nyekundu ya kiondo. Fundo lilikuwa dogo, limegeuziwa ndani ili lisichakae. Nimebeba viondo vyenye fundo hilo maisha yangu yote.

"Umeona nini?" baba akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Bado natafuta."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kikiwa jikoni kinachagua maharagwe. Niliingia jikoni na mikono imejaa oili. Mama alikuwa ameketi chini, ungo mapajani, sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ikichemka kando. Aliangalia mikono yangu, akajua.

"Mwaitu," nikamwambia, "ni wewe?"

"Funga mlango."

Niliufunga. Aliendelea kuchagua maharagwe, akitupa mabovu pembeni.

"Nilitaka isiwake," akasema. "Nilivuta ile paipu ilikuwa karibu. Ikawaka tu. Halafu ikaanza kulia sss kama nyoka, nikaogopa atasikia. Nikaziba."

Fikiria. Mafundi watatu wenye vyeti, au angalau wenye dasti-koti, walishindwa kuitengeneza, na mama yangu aliiharibu kwa dakika moja akiwa na kisu cha kumenyea viazi. Ningecheka kama nisingekuwa na hasira.

"Unajua kaka anataka kuweka klachi? Unajua Baba hataendesha tena?"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Mama akaweka ungo chini. Aliniambia kwamba siku moja, mvua zikiwa zimeisha, walirudi kutoka mjini wawili tu. Walipofika karibu na kanisa baba alitaka kusimama amshushie mtu mzigo wake. Badala ya kusimama, pikapu iliruka mbele, ikasimama imegusa nguzo ya geti. Baba aliwaambia watu ni breki. Watu walimpa pole.

"Haikuwa breki," mama akasema. "Alikuwa amekanyaga mafuta, na hajui amekanyaga nini. Tulifika hapa nikamvua kiatu. Kulikuwa na msumari. Umepita kwa soli, umeingia kwa nyama. Damu imejaa kwa kiatu. Nikamuuliza ni tangu saa ngapi. Akaniuliza, msumari gani?"

Alivuta pumzi.

"Hiyo mguu imekufa ganzi kama ule mwingine ulianza. Yeye anaijua. Lakini hasemi, na mimi siwezi kusema. Nikisema, watu watasema mzee amekwisha. Gari ikiharibika, ni gari. Watu wanasema pole, inaisha."

Sikumwamini. Nasema ukweli wangu: nilifikiri anaongeza chumvi. Mama hakuwahi kuyapenda magari. Kila safari alishika dashibodi kama aliye kwenye mashua. Nilimwambia kwamba amemfanya baba kicheko cha kijiji, kwamba angalau angetuuliza sisi watoto. Alinijibu kwamba sisi watoto ndio wale wa kumtafutia dereva. Kisha akasema, "Sasa umejua. Fanya vile unaona," na akavuta ungo wake.

Nilitoka na hasira zangu mpaka kwenye pikapu, nikang'oa gunzi, nikarudisha mpira mahali pake, nikaukaza kwa waya. Nilitaka kumwonyesha mama kwamba amekosea. Nilimwambia baba, "Twende tujaribu," na yeye, bila kuuliza nimefanya nini, akajipandisha kiti cha dereva kwa mikono, akaweka magongo katikati yetu.

Tulikwenda uwanja wa shule, pale kwetu, uliokuwa mtupu kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Baba akaitia gia. Hakuna teke. Pikapu iliondoka taratibu, ikaingia ya pili bila kusema, ikaingia ya tatu, na usingejua ila kwa mlio wa injini kushuka. Baba alicheka kwa sauti. Alizunguka uwanja akicheka, akipiga usukani kwa kiganja.

"Sikia hiyo!" akasema. "Sikia! Kama siagi."

Na mimi nilijisifu moyoni. Nilikuwa natunga hotuba ya kumpa mama, na nyingine, ndefu zaidi, ya kaka. Katika kuitunga nilimtazama baba, nikaona kwamba hatazami mbele.

Alikuwa anatazama chini. Kila alipotaka kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, aliinamisha kichwa kuutafuta kwa macho, auone uko wapi, ausogeze, ahakikishe umefika, ndipo aukandamize. Kama mtu aliyeangusha sindano sakafuni. Alifanya hivyo kwa haraka na kwa ujuzi, inaonekana alikuwa amejizoeza muda mrefu, na kati ya kuinama na kuinuka macho yake hayakuwa uwanjani hata kidogo. Nguzo za goli zilikuwa zinakuja. Aliinama. Niliona mguu wake umekaa nusu kwenye breki, nusu kwenye mafuta, na injini ikapandisha sauti.

"Baba!"

Alivuta breki ya mkono kwa nguvu zote. Tuliteleza kidogo kwenye vumbi, tukasimama, nguzo ikiwa mbele yetu karibu kiasi cha kuona misumari ya wavu.

Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Alikuwa bado anautazama ule mguu, na mguu haukuwa na habari. Nilitaka kusema jambo la kuchekesha, maana ndivyo nilivyozoea, nikakuta sina. Nilimwaza akijizoeza peke yake, siku hadi siku, kuinama na kuinuka, ili sisi tusijue. Nilimwaza mama jikoni akilijua hilo na kuchonga gunzi.

"Baba," nikasema mwishowe, "hii giaboksi imekufa."

Injini ilikuwa ikinguruma chini kwa chini, laini kabisa. Baba akainua uso. Alinitazama, kisha akashika mkono wa gia, akaitoa, akairudisha, akaitoa tena. Iliingia kimya kimya, bila hata kutikisa magongo. Alisikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Nimesikia," akasema. "Imekufa kabisa. Haitengenezeki."

Tulibadilishana viti bila haraka. Niliendesha mpaka nyumbani, pikapu ikienda kama siku ilipotoka kiwandani, nasi wawili tumenyamaza kama tunaosindikiza maiti. Mama alikuwa amesimama uani. Alisikia gari linavyokuja, bila kishindo, na nikamwona akikaza kanga kiunoni kwa hofu. Baba alishusha magongo kwanza, kisha yeye.

"Ni giaboksi," akamwambia. "Imekwisha. Mwambie kijana alete hiyo ya klachi."

Mama alimtazama, akanitazama mimi.

"Pole," akamwambia. "Ilikuwa imekusaidia."

"Ilijitahidi," baba akasema, akaenda kuketi.

Wikendi iliyofuata kaka alikuja na giaboksi yake ya Kinanie na yule fundi wa dasti-koti, safari hii akiwa amelivua. Wakafungua kiungo pekee cha gari lile ambacho hakikuwa na kasoro yoyote, wakakiweka chini kwa heshima zote. Fundi alimwaga oili yake nyekundu kwenye karai, akachovya kidole, akanusa, akatikisa kichwa.

"Ilikuwa imeoza, mzee," akasema. "Mngechelewa kidogo ingewaletea shida."

Majirani waliokuja kushuhudia wakasema naam, hata sisi tulisikia. Jirani wa chini aliwakumbusha wote juu ya mkojo wa mbuzi. Baba alikubali kila kitu, akapokea pole zote moja moja, na sikumwona akiinamisha kichwa hata mara moja. Kaka akauliza nani sasa ataendesha, akiwa tayari na jina la kijana fulani mzuri asiyelewa sana. Baba akaninyooshea gongo. "Huyu ana leseni," akasema. "Wikendi atanipeleka. Siku za katikati nitapumzika, nimefanya kazi ya kutosha."

Mwisho wa wiki iliyofuata tulipakia mbuzi, nikaketi kulia, baba akaketi kushoto. Leseni nilikuwa nayo kweli, lakini klachi nilikuwa sijaigusa tangu siku ya mtihani. Nilizima injini uani mbele ya watu. Nikazima tena getini. Tuliposhika barabara ya lami nilikusanya ujasiri, injini ikapanda, nikanyoosha mkono kwenye gia, na kwa pembe ya jicho nikaona suruali yake ya kushoto ikitikisika, pale ilipokunjwa na kubanwa kwa pini. Kipande cha paja kilichobaki kiliinuka, kikashuka, kikabaki chini kikikandamiza, kinanisubiri.

"Sasa," baba akasema, akitazama mbele. "Tia ya tatu."